Kiwanja cha marehemu wanne: kisa cha klabu ya halingi iliyotaka kujenga

Kisa hiki kilitokea Ayalandi, kwenye klabu ya kijijini ambako watoto wangu wanacheza halingi. Nilianza kama mzazi wa kusimama pembeni na mwamvuli. Baadaye nikaombwa kusaidia kuhesabu fedha za bahati nasibu ya kila wiki, na kabla mwaka haujaisha nikawa msaidizi wa mweka hazina. Niliyoyaandika hapa niliyaona nikiwa ndani ya kamati. Jina la klabu, la kaunti, mwaka na majina ya watu nimeyaondoa, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mpangilio wa matukio na sababu za maamuzi nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu humo ndimo mna faida kwa yeyote anayehangaika na kiwanja cha mtaa wake, awe Tanga, Kisumu au Limerick.

## Mchezo wenyewe na mahali pake

Halingi ni mchezo wa kale wa Waayalandi. Mchezaji hushika gongo lenye ncha pana, la mti unaoitwa ash kwa Kiingereza, na mpira ni mdogo, wa ngozi, mgumu, wenye uzito wa gramu 110 hadi 120. Wenyewe huuita sliotar. Timu ina wachezaji 15. Mpira ukiingia wavuni ni pointi 3, ukipita juu ya mwamba katikati ya milingoti ni pointi 1. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mchezo huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Jambo moja la kukumbuka katika habari hii ni ukubwa wa kiwanja. Urefu wake ni mita 130 hadi 145 na upana mita 80 hadi 90. Kiwanja cha soka kinaingia ndani yake na nafasi inabaki. Gharama yoyote ya kiwanja, iwe nyasi, maji au taa, inazidishwa na ukubwa huo.

Mchezo unasimamiwa na Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA kwa kifupi, kilichoanzishwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884. Wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wanaojaza uwanja wa Croke Park mjini Dublin, wenye nafasi za watu zaidi ya 82,000. Anayefunga pointi kumi kwenye televisheni Jumapili, Jumatatu anaweza kuwa mbele ya darasa la shule ya msingi au juu ya trekta. Na hachagui klabu kwa fedha. Klabu ni parokia yako, mahali ulipozaliwa au unapoishi, na kaunti huchagua wachezaji wake kutoka klabu hizo. Kwa hiyo ngazi ya juu kabisa ya mchezo inasimama juu ya viwanja vya vijijini vinavyotunzwa na watu wa kujitolea.

Tangu mwaka 2022 mwaka wa mchezo umegawanywa sehemu mbili kamili. Nusu ya kwanza ni ya kaunti: ligi wakati wa baridi, mashindano ya majimbo ya Munster na Leinster katika miezi ya Aprili, Mei na Juni, kisha fainali ya Ayalandi nzima, ile ya Kombe la Liam MacCarthy, mwezi Julai. Nusu ya pili ni ya klabu, na ubingwa wa klabu ndani ya kaunti huamuliwa mpaka vuli. Mgawanyo huu uliamua mengi katika kisa chetu.

## Klabu ilivyokuwa

Tulikuwa na kiwanja kimoja kamili na kipande kidogo cha nyasi nyuma ya goli la kaskazini. Udongo wetu ni mfinyanzi mzito, ule unaoshika kiatu na kukataa kukiachia. Kuanzia Novemba hadi Machi kiwanja kilikuwa kikifungwa wiki kwa wiki, na kilipofunguliwa, eneo la mbele ya magoli lilikuwa tope. Miaka ya nyuma kamati fulani ilinunua mchanga mwingi ikaumwaga juu ya nyasi ikidhani utakausha ardhi. Maji hayakuwa na pa kwenda. Mchanga ukalala juu ya mfinyanzi kama godoro lililolowa, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Taa zilikuwa nguzo chache upande mmoja. Mwezi Desemba jua huku huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni, na kwa wenzetu wanaofanya kazi mchana maana yake ni kwamba mazoezi ya siku za kazi yote ni ya gizani.

Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa viwili, vya matofali ya saruji, na bafu la pamoja lisilo na pazia. Timu za wasichana, ambao mchezo wao huitwa kamogi na una chama chake kilichoanzishwa mwaka 1904, zilikuwa zikitumia kiwanja hichohicho kwa makubaliano ya mdomo. Wasichana walibadilisha nguo ndani ya magari ya wazazi wao. Nakiri kwamba nililiona hilo kwa msimu mzima bila kusema neno, na binti yangu alikuwa mmoja wao.

## Kiangazi kilichowasha moto

Mwaka huo timu ya kaunti ilianza kushinda. Bendera zikatoka madirishani, zikaning'inia kwenye nguzo za umeme, kwenye mageti ya mashamba, hata kwenye mlango wa duka la dawa. Jumamosi asubuhi, watoto wa miaka mitano na sita waliokuja kujifunza kushika gongo wakawa wengi kuliko makocha walivyoweza kuwasimamia. Wachezaji wawili wa klabu yetu walikuwa kwenye kikosi cha kaunti, na kila mtoto alitaka kofia ngumu ya rangi ya mmoja wao.

Katika joto hilo kamati ilikaa na kupitisha mpango mkubwa: jengo jipya la vyumba vinne, ukumbi wa mikutano juu yake, na jukwaa dogo la watazamaji. Mchoro ulitengenezwa na kijana wa klabu aliyesomea usanifu majengo, ukachapishwa mkubwa na kubandikwa dukani. Ulikuwa mzuri. Nilisimama mbele yake na maziwa mkononi nikajisikia fahari.

Sababu ya mwenyekiti ilikuwa wazi na wala haikuwa ya kipuuzi. Alisema watu hutoa fedha wakiwa na furaha, na furaha ya kaunti huja mara chache, kwa hiyo tuombe sasa. Tukapanga chakula cha jioni na mnada mwezi Julai, na tukaanza kuandaa maombi ya ruzuku ya serikali ya vifaa na majengo ya michezo. Dirisha la ruzuku hiyo halifunguliwi kila mwaka, na likifunguliwa hukaa wiki chache tu.

Kaunti ikaingia nusu fainali. Hapo ndipo hesabu yetu ya fedha ilipopinduka. Familia ya watu wanne ikienda Croke Park inalipa tiketi, mafuta, chakula, na pengine kitanda cha usiku. Juu ya hayo, kamati ya kaunti yetu ilikuwa na bahati nasibu yake ya kugharimia maandalizi ya timu, na kila klabu ilipangiwa idadi ya tiketi za kuuza. Waliokuja kugonga mlango kwa ajili ya kaunti mwezi Juni walikuwa watu walewale waliorudi Julai kugonga mlango uleule kwa ajili ya jengo letu. Mnada ulifanyika siku kumi baada ya nusu fainali, na timu ilikuwa imefungwa. Meza nyingi zilikuwa tupu. Mweka hazina alikaa hadi usiku wa manane akihesabu, akasema tumepata fedha za kulipia ukumbi na chakula na kiasi kidogo kilichobaki.

## Hati

Pigo kubwa zaidi lilikuja kwa njia ya barua pepe ya mistari michache. Ili uombe ruzuku ya kujenga, lazima uthibitishe kwamba ardhi ni yako, au kwamba una mkataba mrefu wa kuipanga. Katibu alimwandikia wakili mjini aombe nakala ya hati. Wakili akajibu kwamba kiwanja kimeandikwa kwa majina ya wadhamini wanne, na kwamba kwa kadiri anavyofahamu wote wanne wamefariki.

Viwanja vya klabu za GAA hushikiliwa na wadhamini kwa niaba ya klabu, maana klabu ya kijijini kwa kawaida si kampuni na haiwezi kuandikwa yenyewe kwenye hati. Wadhamini wetu walikuwa watu wa heshima walionunua shamba lile kwa michango ya parokia. Mmoja alikuwa padri. Picha yao ipo ukutani, wakiwa na makoti marefu, jembe likiwa mkononi mwa mmoja wao. Walipofariki mmoja baada ya mwingine, mazishi yakafanyika, gwaride la heshima la wachezaji likapangwa mbele ya kanisa, na hakuna aliyekumbuka kuandika jina jipya.

Kisheria, wamiliki wa pamoja wa aina hiyo wanapokufa, haki hubaki kwa aliye hai, na wa mwisho akifa inaangukia kwa msimamizi wa mirathi yake. Kwa hiyo kiwanja chetu, ambacho watoto walikuwa wakikimbia juu yake jioni ileile, karatasi zake zilikuwa zinaelekea kwa familia ya marehemu wa mwisho. Binti yake alikuwa amehamia Marekani miaka mingi iliyopita.

Mama huyo alikuwa muungwana. Hakuomba senti. Lakini hata kwa mtu mwenye nia njema mambo hayakuwa ya wiki mbili: wosia wa baba yake ulihitaji kutafutwa, mirathi ilikuwa haijafunguliwa, saini zilitakiwa zishuhudiwe na mthibitishaji huko aliko, na ndipo hati ya kuteua wadhamini wapya iandikwe na kupelekwa kwenye usajili wa ardhi. Dirisha la ruzuku likafungwa sisi tukiwa bado tunasubiri bahasha ya kwanza.

Kwetu nyumbani nimeona viwanja vya wazi vya mtaa vikiliwa na kuta za watu kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuvitetea. Nilidhani mambo hayo ni ya kwetu.

## Kikao cha Oktoba

Kikao kilichobadilisha mwelekeo kilifanyika usiku wa mvua mwishoni mwa Oktoba. Timu ya watu wazima ilikuwa imeshatolewa kwenye ubingwa wa kaunti, na kiwanja kilikuwa kimefungwa tena. Kocha wa watoto wa chini ya miaka kumi na mbili, mama mmoja mpole ambaye kwa kawaida husikiliza tu, alileta daftari. Alikuwa ameandika kila zoezi lililofutwa tangu Januari na sababu yake. Maji yalichukua kurasa. Giza lilichukua mistari. Ubovu wa vyumba haukuwa umefuta zoezi hata moja, ingawa pembeni aliandika kwamba wasichana wawili waliacha kamogi na mama zao walimwambia sababu ni kubadilishia nguo kwenye gari.

Chumba kilinyamaza. Mchoro wa jengo ulikuwa nyuma ya mwenyekiti ukutani.

Majadiliano yalikuwa makali. Wazee walitaka jengo, kwa kuwa waliahidi watu na mchoro uko dukani. Makocha walitaka maji yatolewe kwanza. Mweka hazina alisema hawezi kuongoza uchangishaji mwingine wa jengo ambalo hatuna hati ya kulijengea. Mwisho tulikubaliana mambo manne, kwa mpangilio huu: hati kwanza, bila kujali gharama ya wakili, mifereji ya chini ya kiwanja, ukuta wa kupigia mpira, kisha taa. Jengo tuliliweka kando, na badala yake vile vyumba viwili vikatengwa upya kwa ukuta wa ndani na mapazia ili wasichana wawe na chumba kinachofungwa.

Ukuta wa kupigia mpira unahitaji maelezo kwa asiyeujua. Ni ukuta mrefu wa zege na mbele yake sakafu ya nyasi bandia. Mchezaji hupiga mpira, unarudi, anaudaka au anaupiga tena. Mtoto akisimama peke yake hapo kwa robo saa anaugusa mpira mara nyingi kuliko katika mechi nzima. Hauogopi mvua. Kwa klabu yenye kiwanja kinachozama, ni kama kupata nusu ya kiwanja kingine kwenye ardhi ndogo sana.

Uamuzi wa maji ulikuwa na gharama yake. Mifereji huchimbwa ardhi ikiwa kavu, yaani Mei hadi Agosti, kisha nyasi hupandwa na kuachwa zishike mizizi. Kiwanja kingefungwa kwa muda wa karibu mwaka, na miezi hiyo ni ileile ambayo timu za klabu zinajiandaa kwa ubingwa unaoanza kaunti ikimaliza. Hoja iliyotuokoa ilitoka kwa nahodha: mechi za ubingwa wa kaunti kwetu huchezwa kwenye viwanja visivyo vya timu yoyote kati ya mbili, kwa hiyo hatupotezi mechi za nyumbani zenye uzito. Tunapoteza mazoezi. Mazoezi yanaweza kuombwa kwa jirani.

Kuomba kwa jirani ilikuwa kazi nyingine. Parokia ya pili na sisi tunapingana tangu enzi za babu wa babu, na kuna ndugu wa ukoo mmoja ambao hawakai benchi moja siku ya mechi kati yetu. Mwenyekiti alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti mwenzake, akakaa jikoni, akanywa chai, akaeleza. Tukapewa Jumanne na Alhamisi, bila malipo.

## Kazi ilivyokwenda

Mhandisi tuliyemwita alianza mbali na kiwanja. Alikwenda kwenye mtaro wa mpakani, akapima kimo cha maji, akasema mabomba yote duniani hayatasaidia kama mtaro huu umejaa kuliko mabomba yenyewe. Mtaro ulipita kwenye shamba la mfugaji na haukuwa umezibuliwa kwa miaka mingi. Mfugaji alikubali uzibuliwe kwa masharti mawili: katapila lipite nje ya majani yake ya malisho, na tuweke nyavu ndefu nyuma ya goli la kaskazini, kwa sababu mipira iliyopotea ndani ya majani ya akiba huharibu mashine na chakula cha ng'ombe. Alikuwa na haki. Nyavu ziliingizwa kwenye bajeti.

Kisha yakaja mabomba yenye matundu, yaliyolazwa kwenye mifereji iliyojazwa kokoto, na juu yake michirizi myembamba ya mchanga na kokoto inayokatiza mifereji ile ili maji ya juu yapate njia ya kushuka. Mwisho mchanga ukachanganywa kwenye udongo wa juu na mbegu zikamwagwa. Mchanga uleule uliotuangusha zamani safari hii ulifanya kazi, kwa kuwa chini yake kulikuwa na mlango wa kutokea.

Waayalandi wana neno meitheal, majirani kukusanyika kuvuna shamba la mmoja wao bila kulipana. Mimi kwa lugha yangu nikaona msaragambo. Jumamosi sita mfululizo watu walikuja na majembe, matoroli, trekta na vikapu vya mikate. Walichimba msingi wa sakafu ya mbele ya ukuta, wakaondoa mawe kwenye udongo wa juu, wakapaka rangi vyumba. Ukuta wenyewe haukuachwa kwa wa kujitolea. Wajenzi wawili wa parokia walijitolea kuuinua, na kuwakatalia haikuwa rahisi, lakini ukuta mrefu ambao watoto watacheza chini yake unahitaji hesabu za nondo na msingi, mtu wa kutia saini, na bima. Mmoja wao alikasirika, akakaa miezi bila kuja. Bado naamini tulifanya sawa.

## Taa na popo

Hapa tulijikwaa. Tuliomba kibali cha ujenzi cha taa mpya kwa baraza la kaunti mwezi Oktoba, tukidhani ni suala la nguzo na umeme. Upande wa magharibi wa kiwanja kuna mstari wa miti mikubwa, na popo hupita hapo jioni wakiwinda wadudu. Popo nchini Ayalandi wanalindwa na sheria, na mwanga mkali kwenye njia yao unaweza kuwafukuza. Baraza likataka uchunguzi wa mtaalamu. Uchunguzi wa popo hufanyika kiangazi, wakiwa wanaruka. Majira ya baridi wamelala. Kwa kuuliza Oktoba badala ya Aprili tulipoteza mwaka.

Jirani mmoja pia aliandika pingamizi, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya ndani ya wiki tano kwa ada ya euro 20. Kwenye kamati palisemwa maneno mabaya juu yake. Katibu alipomtembelea ilibainika kuwa ana mtoto mchanga na dirisha la chumba chake linatazama moja kwa moja nguzo ya tatu. Nguzo ilisogezwa, taa zikachaguliwa zenye kuelekeza mwanga chini, na saa ya kuzima ikaandikwa kwenye masharti. Kutembea mlango kwa mlango kabla ya kupeleka maombi kungechukua jioni mbili.

## Matokeo

Kiwanja kilifunguliwa kiangazi cha mwaka uliofuata. Majira ya baridi ya kwanza kilifungwa siku chache tu, za barafu na za dhoruba. Ukuta ulikamilika kabla ya kiwanja, na kwa miezi kadhaa ulikuwa ndio klabu yetu yote: watoto, wasichana wa kamogi, mzee mmoja aliyecheza ujanani akija peke yake asubuhi.

Hati ilisajiliwa kwa majina ya wadhamini wapya. Ruzuku iliyofuata tuliiomba pamoja na kamogi, kwa ukurasa wa makubaliano ya maandishi ya nani anatumia kiwanja siku gani. Tulipewa pungufu ya tulichoomba, kama ilivyo kawaida, lakini tulipewa, na taa zikasimama.

Mabaya pia yapo. Mwaka wa kufungwa, timu ya watu wazima ilitolewa mapema, na wapo wanaosema hadi leo kwamba mazoezi ya kuazima ndiyo yaliyoiua. Siwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Wachezaji wawili muhimu walirudi kutoka kaunti wakiwa na majeraha. Wafadhili kadhaa waliotoa kwa ajili ya jengo waliona wamedanganywa. Mweka hazina aliacha kazi hiyo mwisho wa mwaka akiwa amechoka kabisa, na hakupata shukrani aliyostahili.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni daftari la yule mama. Lilikuwa la karatasi, la kununua dukani, na lilituonyesha tofauti kati ya kinachotuaibisha mbele ya wageni na kinachotuzuia kucheza. Vyumba vibovu vilituaibisha siku ya mechi. Maji yalituzuia kucheza kila wiki. Kamati ikiwa na hamu huamua kwa aibu, kwa sababu aibu inaonekana na inachorwa vizuri. Ila daftari hilo lisingetosha peke yake, kwani halikuweza kuhesabu mtoto asiyekuja kabisa. Wale wasichana wawili walikuwa maandishi ya pembeni tu. Kama kamogi wangekuwa na mjumbe kwenye kamati tangu mwanzo, suala lao lisingesubiri bahati ya mtu kuandika pembeni. Kwa sasa vyama vya kamogi, vya kandanda ya Kigaeli ya wanawake na GAA vimepanga kuungana mwaka 2027, na klabu zitakazosubiri mpaka siku hiyo ndipo zianze kuzungumza zitachelewa.

Kosa la fedha lilikuwa la wakati. Tuliamini ushindi wa kaunti huleta fedha kwa klabu. Ulituletea watoto, na hilo ni jema kuliko fedha, lakini mifuko ya wazazi wao ilikuwa imeshakwenda Dublin. Uchangishaji uliofuata tuliufanya Februari, mwezi ambao hakuna anayedai chochote, na uliegemea malipo madogo ya kila mwezi badala ya usiku mmoja mkubwa. Bahati nasibu ya wiki, ya euro 2 kwa tiketi, ilibeba sehemu kubwa ya gharama ya mabomba. Haina mvuto na haipigwi picha.

Kuhusu hati sina huruma na kamati yetu, nami nikiwemo. Swali la nani anamiliki ardhi lilipaswa kuulizwa kabla ya penseli kugusa karatasi ya mchoro. Simu moja kwa wakili ingetosha. Nadhani hatukuuliza kwa sababu jibu lilionekana dhahiri: ni chetu, tumecheza hapa, tumewazika wazee wetu kwa jezi zake juu ya majeneza. Umiliki wa moyo ulikuwa mkubwa kiasi cha kuficha kwamba ule wa karatasi umekatika.

Kuondoa mchoro dukani tulikuchelewesha kwa woga. Ulikaa pale miezi mitano baada ya uamuzi kubadilika, na kila siku uliendelea kuahidi. Wafadhili waliokasirika walikuwa na haki ya kuelezwa ana kwa ana, wiki ileile, na kuulizwa kama wanataka fedha yao ihamie kwenye mifereji au irudi. Tuliowauliza, ingawa kwa kuchelewa, karibu wote walikubali ihamie. Waliosikia kwa watu ndio waliovunjika moyo.

Vyumba vya zamani bado vipo. Pazia na ukuta wa ndani vimesaidia, lakini bafu la wasichana halitoshi timu mbili kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalofuata kwenye orodha. Hati imewekwa nakala tatu: kwa wakili, kwa katibu, na ndani ya fremu ukutani chini ya picha ya wale wanne. Mmoja wa wadhamini wapya ana miaka 78, na jina la atakayempokea limeingizwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa Desemba.